Garimoshi la Harusi ya Jerotich

Macquarie Fields, Sydney
Jumapili, 20 Julai 2025

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti linakuruhusu kufika dukani bila kununa. Mama naye vipi? Mwambie blanketi alilonipa ndilo linaloniweka hai mwezi huu. Mimi ni mzima kabisa, na ninakula vizuri. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikata kabla sijamaliza.

Unakumbuka nilikwambia kwamba, mbali na kazi ya ofisini, ninawawekea hesabu watu wa reli ya zamani nje kidogo ya mji. Ulicheka sana, ukauliza ni watu gani hao wanaolipa nauli kwenda mahali na kurudi palepale. Basi ndio hao. Wana injini moja ya mvuke, mabehewa manne, na reli ya kilomita chache hadi mtoni. Wanaoiendesha ni wazee waliostaafu, na hawalipwi hata senti. Mwenyekiti wao, Patrick, alikuwa mwalimu, na huipangusa ile injini kama mtu anayemwogesha mtoto.

Shida ni kwamba pesa zilizokuwa zikiingia hazikutosha hata makaa. Mwaka huu reli nyingine, tajiri, ikataka kuinunua injini, na wanachama wakapanga kupiga kura mwisho wa Juni. Patrick akaniomba nilinganishe mapato yetu na ya reli jirani iliyo kama sisi, nione kama kuna njia ya kuokoka. Nikalinganisha. Nauli ni ileile, abiria ni karibu sawa, na safari yao ni fupi kuliko yetu, lakini wanapata karibu mara mbili. Zaidi ya nusu ya mapato yao hutoka kwenye chai, keki na duka la vikumbusho. Yetu karibu yote ni tiketi. Nikadhani labda wateja wao ni matajiri zaidi. Mhasibu mzima nikakosa kujiuliza zaidi ya hapo, nikawashauri wauze. Patrick alinishukuru, akatoka nje, akaenda kuipangusa injini yake. Niliumia sana siku ile.

Sasa, Jerotich, yule nesi wa kanisani kwetu, alikuwa anaolewa mwanzoni mwa Mei. Kamati ya harusi ilinifanya mweka hazina, maana huku ukishajulikana kuwa mhasibu umekwisha. Nikawashawishi wakodi garimoshi letu, angalau injini iagwe kwa vigelegele. Treni ilipangwa kuondoka saa sita mchana. Wewe unatujua, Baba. Nikawatangazia wageni wote kwamba ni saa tano, nikajipongeza kwa ujanja wangu.

Walifika wote kabla ya saa tano. Hata Ntwari na kwaya yake ya Warundi kutoka Mount Druitt, ambao kanisani huingia wakati wa baraka ya mwisho, walikuwa wamejipanga pale kwa sare. Neno treni lilikuwa limewatia hofu ya kuachwa. Nikamkimbilia Patrick kumwomba tuondoke mapema. Akasema mvuke haujapanda, na kabla ya saa sita haiondoki hata aje waziri. Wageni mia moja wakasimama kwenye upepo wakinitazama mimi. Jerotich, na shela lake kichwani, aliniuliza kwa upole mbaya kuliko matusi kama nina akili timamu.

Baridi na njaa vikaanza kufanya kazi. Walivamia kibanda cha chai cha Kelly, mama mmoja mcheshi ambaye kwa kawaida huuza vikombe vichache tu. Keki zikaisha, soseji zikaisha. Watoto wakawaburuta wazazi dukani kununua kofia za dereva. Kwaya ikaanza kuimba, na watu waliokuwa wakipita na magari yao wakaegesha kusikiliza, nao wakataka chai. Injini ilipopiga honi, Kelly alikuwa amebaki na sukari tu, anaosha vikombe huku anacheka. Jioni nilipohesabu, ile saa ya kungoja ilikuwa imetuingizia pesa nyingi kuliko nauli zote za siku ile.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa jirani zetu kama abiria wa kawaida. Treni yao husimama nusu saa mwisho wa reli, eti injini inywe maji. Injini ile haihitaji nusu saa, wewe mtu wa reli unajua. Wanaokunywa ni abiria. Sisi tulikuwa tunawapakia watu upesi na kuwarudisha upesi, wakaenda zao na pesa mfukoni. Nikamwomba Patrick tusimame mtoni, na Kelly ahamishie birika lake huko. Kufikia mwisho wa Juni tulikuwa tumelipia makaa yote na ikabaki akiba. Kura ilipopigwa, hakuna aliyetaka kuuza. Patrick alinikumbatia na grisi yake yote, na nilifurahi kama siku niliyopata matokeo ya chuo.

Sasa lile lililonifanya niandike. Baada ya kura Patrick alitwambia kwamba mmoja wa wachochea moto amekatazwa na daktari, na bila mtu wa kushika nafasi yake injini italala. Akauliza nani bado ana nguvu. Baba, mkono pekee ulionyooka ulikuwa wangu.

Kazi ya ofisini sijaacha, usimtishe Mama. Lakini kila Jumapili ninashika koleo. Najua uliungua mikono miaka yote ile ukichochea moto relini ili mimi nivae shati jeupe, na nimeogopa wiki tatu nzima kukwambia. Mbaya zaidi, ninaipenda kazi hii. Ninyi mlichoma mafuta, sisi tunachoma makaa, lakini kilima ni kilima. Tukianza kupanda, presha ya mvuke inashuka, na Patrick anasema nitaelewa nikijifunza kuisikiliza injini. Nisikilize nini? Utotoni kila nilipokuuliza habari za injini ulinifukuza nikasome. Nimeshasoma, Baba. Sasa nifundishe.

Nisalimie Mama na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde, nami ninangoja jibu lako, hata likiwa la ukali.

Ni mimi mwanao,
Tevin Oloo