Jina la sombe

Jumatano, kabla ya kengele ya kulala

Nimenyimwa chakula tena. Mara ya tatu wiki hii, na anayeninyima ni yule yule Madamu anayetufundisha Kiingereza.

Sheria yake njo hii: kabla ya kula, unataja kwa Kiingereza kila kitu kilicho kwenye sahani yako. Asiyejua anarudisha sahani. Eti njaa inasaidia maneno kukaa kichwani. Njaa haisaidii kitu. Nimekariri kurasa nne za kitabu chake, siagi, jibini, matunda ya Uingereza, vitu ambavyo hapa Nyabiondo hakuna aliyewahi kuvigusa.

Leo mchana wakapakua bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Madamu akaketi na sisi, sahani yake mbele yake, akaanza na mimi.

Sombe haimo kitabuni. Akachukua sahani yangu, akaiweka kando.

Nikamuuliza, "Na weye Madamu, unaiita namna gani kwa Kiingereza?"

Hakujua. Wenzangu wote wakainamisha vichwa.

Nikainuka, nikachukua sahani yake, nikaiweka juu ya yangu.

Kesho watanifukuza. Papa aligombana na ndugu zake wote ili binti yake asome, sijui nitamwambia nini. Naogopa.

Lakini na yeye hakula.