Titi la Mama Mdogo na Msemaji Wake

Kasulu, Novemba 1998

Mdogo wangu Yusta,

Poleni na joto la Tabora. Huku ukungu hauondoki hadi saa nne, na bila ugali wa muhogo kwa samaki wa migebuka ningekwisha kuganda.

Jana tulimpeleka Mama Mdogo hospitali kwa ule uvimbe wa titi. Daktari alimuuliza maswali tisa. Nimeyaandika katika shajara yangu. Yote tisa alijibu Baba Mdogo, hata lile la kama titi linauma. "Haliumi," alisema, mwenye titi akiwa ameinamisha kichwa kama mke mwema. Upasuaji akaukataa: "Ugonjwa huu ni mambo ya ukoo wa mke wangu. Tutatumia miti shamba."

Daktari akaeleza kwa upole kwamba si lazima ugonjwa huu urithiwe katika ukoo. Ipo jeni, yaani chembe ya urithi, ambayo kazi yake ni kuziamuru seli ziache kuongezeka. Wataalamu wameona kwamba katika baadhi ya saratani za titi jeni hiyo ni nzima kabisa, ila imebandikwa vijialama vya kikemikali viitwavyo methili, ikanyamazishwa. Ipo, lakini haisemi, na seli zinazaana ovyo.

Mama Mdogo akainua kichwa, akacheka. "Kumbe hata humo titini yupo mume wa kumziba mtu mdomo!" Kisha akamgeukia daktari: "Kata, mwanangu. Titi ni langu."

Baba Mdogo alianza kutoa jibu la kumi, lakini daktari alikuwa akimsikiliza mwenye titi. Mama Mdogo anapasuliwa Alhamisi, mwombee.

Nisalimie wanangu. Nawe jipapase matiti leo hii, usimsubiri shemeji yangu akwambie kama yanauma.

Dada yako akupendaye,
Adela