Aliyepiga simu ni mimi

Shoga, nimekwisha. Ile simu niliyowapigia watu wa kuzuia rushwa, kwamba jenereta ya wodi ya wazazi iko shambani kwa bosi, imemfikia bosi mwenyewe.

Ametukusanya ofisini. "Nani kanichoma?"

Akasimama dereva, yule mzee aliyenisikia nikipiga nikiwa garini mwake. Akasema, "Ni mimi."

"Ni mimi," shoga. Kasema hivyo hivyo, wala hakunitazama.

Kafukuzwa palepale. Na barua anaichapa nani? Mimi karani.

Nikisema kweli, wanangu watakula nini?

Mzee amekaa mbele yangu anaisubiri. Ananiambia taratibu, "Chapa tu, mwanangu. Mimi nakaribia kustaafu."

Hajui nimeshachapa mstari unaomnyima kiinua mgongo.