Nimeshuhudia Kabla Hajapona

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, na nguo nilizoanika hazijakauka.

Hamjambo wapendwa wangu? Mmeamkaje huko mliko, na watoto je? Mimi mwili uko salama, Mungu ni mwaminifu. Ni kichwa ndicho kimevurugika.

Mnajua napika kwenye shirika la hapa mtaani Huruma linalosaidia vijana waliolemewa na mawazo. Sasa wakubwa wameamua hata sisi wafanyakazi tuwe tunakaa duara, kila mtu aseme yaliyo moyoni. Nilicheka. Mimi wa sufuria, niseme nini?

Leo zamu ikanifikia. Wenzangu waliongea wakiwa wamekaa, mimi nikasimama kama nilivyozoea kanisani. "Bwana asifiwe!" Hata dereva wetu, ambaye kanisani hupelekwa na harusi tu, akaitikia. Nikawaeleza kuhusu binti yangu Mueni: vile alirudi siku moja kutoka kazini kule mtaa wa Baba Dogo, akavua viatu, akalala, na mpaka leo hatoki kitandani ila kwenda msalani. Hakufiwa, hakugombana na mtu. Kuoga ni mpaka nimbembeleze.

Halafu mdomo ukaendelea wenyewe. "Lakini Mungu wetu halali. Ameshamponya!"

Makofi.

Kwetu ushuhuda hauishii kwenye machozi. Unashukuru hata kabla hujaona, ndiyo imani yenyewe. Kina mama wa ushirika wetu wangenielewa. Lakini Wanjiku, mshauri wetu, alinishika mikono kwa furaha: "Mama Mueni, si umlete Alhamisi awatie vijana moyo!"

Nikasema sawa.

Sijui kwa nini nilisema sawa.

Nimerudi nyumbani nikamkuta palepale, amegeukia ukuta, chai ya asubuhi imeshika utando. Je, nilidanganya, au niliamini? Nimepiga magoti nikashindwa pa kuanzia, nishukuru au niombe msamaha.

Mwishowe nikamwambia Mueni yote. Akauliza bila kugeuka:

"Mum, umewaambia nimepona?"

"Kwa imani, mami."

Akatoa kitu kama kicheko. Sijakisikia kitambo.

"Na mtu akiwa hajapona, huko kwenu anaruhusiwa kuja?"

Jamani. Kila siku napakulia vijana ambao hawajapona, wengine hata kijiko hawainui, na mtoto wangu mwenyewe ndiye anauliza kama anaruhusiwa.

Kesho kabla sijawasha jiko nitamwita Wanjiku kando nimwambie kwamba Mueni bado anaumwa. Hayo nimeamua. Ila sijui kama nitamwambia nikiwa nimesimama au nimekaa, na kama nitaanza na Bwana asifiwe.

Wewe unayesoma, ungeanzaje? Tafadhali niandikie upesi, Alhamisi isinikute bado nawaza.