Namba Moja, Mtoto Mmoja

Jumatatu, 6 Mei

Friji ya chanjo imeharibika. Si leo! Mwezi uliopita, siku tisa nzima, wakati wa kampeni ya surua ya watoto walio chini ya miaka mitano. Kipimajoto kilionyesha, hakuna aliyekitazama. Sasa kila aliyechanjwa siku zile lazima arudie. Na surua imeshaingia mtaa wa pili.

Wakuu wamejifungia asubuhi, halafu nikaitwa. Mkuu wa kitengo chetu – tunamwita Mzee Takwimu, ingawa fomula hajui hata moja – anataka orodha ya watoto wote wa zahanati zetu mbili, ya juu na ya chini, kesho saa nne asubuhi. Nikasema itakuwepo. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 7 Mei

Imekuwepo! Tena saa tatu na nusu.

Sikuandika mtoto hata mmoja kwa mkono. Rejista mbili tayari zimo kwenye kompyuta. Nimeandika fomula tu: chukua hii, unganisha na ile, bakiza tarehe za friji bovu, toa waliojirudia. Jedwali jipya likatokea lenyewe. Hapo kwenye kujirudia ndipo nilipotoka jasho. Kuna mama alikuta foleni juu akateremka chini, mtoto akaandikwa kote kuwili. Kila zahanati ina namba yake ya kadi, na majina kila karani anaandika anavyosikia yeye. Nikatumia namba ya simu. Namba moja, mstari mmoja.

412. Safi kabisa. Mzee Takwimu kanipigia makofi mbele ya ofisi nzima. Nilivimba kichwa, nisijidanganye. Wauguzi wameanza kupiga simu hapohapo.

Jumatano, 8 Mei

Wote 412 wamepatikana. Mzee Takwimu amepeleka taarifa makao makuu: watoto wote wamefikiwa. Wote! Nimeenda nyumbani mapema.

Alhamisi, 9 Mei



Dada kanipigia saa saba mchana, anacheka. Eti chanjo yenu ina upendeleo, mmemwita Bonge mkamwacha Njiti. Hao ni mapacha wake, wana miaka miwili. Kampeni ile walichanjwa wote, siku moja, kiti kimoja. Nikamwambia labda muuguzi hakuona vizuri. Akasema hapana, alimuuliza, muuguzi akaangalia orodha mara mbili: huyu hayumo, mama, basi chanjo yake ilikuwa nzima, nenda naye.

Nenda naye!

Nilijua kabla hajakata simu. Ni nani anayemnunulia mtoto wa miaka miwili simu? Namba ni ya mama. Wawe wawili, wawe watano, namba ni ileile, na mimi nimeiambia fomula ibakize mmoja. Nikarudi mezani, nikaongeza tarehe ya kuzaliwa. Mistari 597. Nikamtafuta Njiti – hayupo! Bila shaka hayupo, mjinga mimi, mapacha wamezaliwa siku moja. Nikaongeza jina. 640. Njiti huyo hapo.

Kuna bibi mmoja simu yake ina watoto saba, wake na wa majirani. Alipigiwa kwa ajili ya mmoja. Hata nikitoa majina yaliyoandikwa ovyo, mia mbili hawapungui. Mia mbili hawajapigiwa, na mama zao wameambiwa wako salama. Afadhali tusingepiga kabisa!

Nikampigia dada, nikamweleza yote. Akasema: kesho namleta Njiti mapema, wewe funga mdomo, utafukuzwa, na mama dawa zake anazitegemea kwako. Nikasema sawa.

Nikasema sawa. Naona aibu hata kuliandika.

Ijumaa, 10 Mei

Njiti kachanjwa saa mbili. Kalia, kapewa biskuti, kanyamaza. Pale kwenye benchi kulikuwa na watoto wengine wanagombea kiatu, na mimi nikawa nahesabu vichwa. Nikashindwa kufunga mdomo. Nikapanda ngazi moja kwa moja hadi kwa Mzee Takwimu.

Hakufoka. Bora angefoka! Alifunga mlango, akaniita mwanangu. Taarifa imeshakwenda juu, mwanangu. Tukisema tumekosea tutaliwa wote, wewe wa kwanza. Lakini mbona hakuna kosa? Kuna awamu tu. Jedwali lako jipya liite Awamu ya Pili, weka sahihi kwamba lilipangwa tangu Jumatatu, nalipeleka kwa wauguzi dakika hii. Nikamuuliza, na nisipoweka? Akasema basi linasubiri kikao cha Jumatatu ijayo.

Siku tatu! Yaani nidanganye wapigiwe leo, au niseme kweli wangoje. Nikakaa mezani. Nikaandika Awamu ya Pili. Nikafuta. Nikaandika tena. Yeye kasimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni.

Muuguzi mkuu akaingia bila hodi. Kuna mtoto chini, homa kali, macho mekundu, vipele vimeanza nyuma ya masikio. Mama anasema walipigiwa, wakaja. Akanipa namba ya simu nimwangalizie.

Nikaitafuta kwenye jedwali jipya. Mistari mitatu. Aliyepigiwa ni dada yao mkubwa, miaka minne. Karudia chanjo, mzima. Mgonjwa ni mstari wa tatu. Ana miezi kumi na minne.

Muuguzi akauliza, alikuwemo au hakuwemo? Mzee Takwimu akanidakia: yumo, awamu ya pili. Muuguzi akanitazama mimi, si yeye. Awamu ya pili ilipangwa lini?

Nikasema naenda msalani. Ndipo nilipo sasa, nimesimama, daftari juu ya tangi la maji. Sijaweka sahihi. Sijasema kitu.

Kuna kelele kwenye korido. Yule mama amepanda juu mwenyewe, na mtoto mgongoni, namsikia anakohoa. Mama hapigi kelele, anauliza tu, anarudia: nani aliitengeneza orodha? Naomba nionyeshwe mtu aliyeitengeneza.

Mzee Takwimu anamjibu kwa upole kabisa. Ni kompyuta, mama. Hakuna mtu, ni kompyuta.

Nimeshika komeo –