Jumbe Kumi na Tisa

Dada mkubwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja. Sare ya Kidoti nimeishusha pindo, maana anarefuka. Mwambie baba yake asiianike juani, itapauka.

Mahakama imempa yeye mtoto. Mimi nina Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi na moja. Hakimu alisema kwa upole kwamba anaangalia maslahi ya mtoto, si machozi ya wazazi. Kisha akasoma jumbe zangu: "Dada, zamu imerefushwa kiwandani, nichukulie mtoto shuleni." Zilikuwa kumi na tisa. Wakili wa baba Kidoti akasema mama huyu hana nafasi ya kulea.

Nilijiuliza wamezipata wapi, mpaka nilipokuona upande wao, benchi la nyuma, umeinamia gauni nililokushonea. Kikulacho ki nguoni mwako, nayo nguo niliishona mimi.

Ungekataa kumchukua, dada, ningeacha kazi.

Sitakuomba tena kitu. Barua hii ukimaliza kuisoma, mpelekee wakili. Iwe ya ishirini.

Mdogo wako wa tumbo moja