Kibao Chini ya Mchoro wa Baba

Makumbusho ya Sanaa,
Themi, Arusha.
Jumatatu

Mpendwa Mama,

Nakuamkia kwa lugha yetu: takwenya, yeyo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu tangu baridi ya mwezi wa saba ilipopungua. Sisi huku hatujambo. Mama watoto anakusalimu sana, na wajukuu zako kila siku wananiuliza kama yule ng'ombe wa madoa ameshazaa. Vipi maharage?

Nasieku, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, nakuomba usome polepole na usiruke mstari. Naijua tabia yako ya kumfupishia Mama habari mbaya.

Utashangaa, Mama, kwa nini naandika wakati simu ipo. Tangu wiki iliyopita nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kuuliza habari za maharage. Unaona hata hapa nimeanza nayo.

Nianze na habari njema. Paa jipya la makumbusho limekwisha kuezekwa. Unakumbuka ulipokuja ukakuta ndoo za kukingia mvua zimejaa kwenye chumba kikubwa, ukaniuliza kama siku hizi tunauza maziwa. Halmashauri hutulipia umeme na mlinzi, basi. Watoto wa shule wanaingia bure, kama inavyopasa kwa mali ya umma, na watalii wengi wanatupita mbio kwenda mbugani. Kila mvua iliponyesha, mimi, mkuu wa makumbusho mwenye tai shingoni, nilikimbia kushusha michoro kama mtu anayeanua nguo. Miwili iliota ukungu. Mwishowe bodi ikasema tusipopata mfadhili kabla ya mvua za vuli, tufunge milango.

Mfadhili akapatikana. Ni Bi Salwa, mwenye kampuni ya kupeleka wageni mbugani. Alikuja mwezi wa sita, akapita chumba hadi chumba, mpaka akafika kwenye mchoro wetu, ule unaokuonyesha ukikamua ng'ombe na Mlima Meru uko nyuma. Alisimama pale muda mrefu. Wiki iliyofuata akaahidi paa zima, akaomba mchoro huo uwekwe kwenye kadi za mwaliko wa sherehe ya kuzindua paa Jumamosi hii. Mchoro wa Baba, Mama! Ule aliouchora kwenye plaiwudi kwa rangi zilizobaki za mabango, mlima akaupaka kijani cha milango kwa sababu bluu ilikuwa imemwishia.

Nasieku ameniambia ulivyojiandaa. Umenunua shuka jipya, umemwomba jirani mwenye pikapu awalete, na umesema hutaki kukaa mbele na wakubwa. Unataka tu usimame karibu na mchoro, umwombe mtoto yeyote wa shule akusomee kibao kilicho chini yake. Niliposikia hayo nilijua ni lazima nikuandikie.

Tangu tumzike Baba hujalitaja jina lake, kwa kuwa kwetu jina la marehemu haliitwi. Hata mchungaji akilitaja unainamisha kichwa. Lakini siku uliyoutoa mchoro huo nyumbani kwako ukanikabidhi, uliniambia kwamba mdomo wako una mwiko ila ukuta hauna. Ulitaka jina lake likae mahali ambapo watu watalisoma bila wewe kulitamka. Nilikuahidi, na kwa miaka minne lilikuwepo.

Mama, nililitoa. Nililitoa mimi kwa mkono wangu, nikaweka kibao kinachosema msanii hajulikani. Kadi mia tatu zimechapishwa na maneno hayo hayo.

Ningependa kukuambia kwamba Bi Salwa alinilazimisha. Hakunilazimisha. Siku ile kibao kilikuwa kimeshushwa ili ukuta ukauke, naye akauliza tu, kwa upole, ni nani aliyechora. Nikawatazama yeye na wageni wawili wa ng'ambo aliokuja nao, nikakumbuka vichwa vya ng'ombe ambavyo Baba alivichora kwenye mabucha ya Levolosi, na wenzangu shuleni walivyokuwa wakiniita Kichwa cha Ng'ombe. Nikamwonea haya baba yangu. Nikasema hajulikani. Wale wageni wakafurahi, wakaanza kusifu fumbo la mchoraji asiye na jina, nami nikaanza kuliona paa.

Mzee Abdulrahman, mwenyekiti wetu wa bodi, ambaye Baba alimchorea bango la duka, aliniita pembeni akaniuliza kama familia itaridhika. Nikamjibu kwamba sisi Waarusha hatutaji jina la marehemu, kwa hiyo mama yangu atashukuru. Akanishika bega, akanisifu kwa kushika mila. Nimeuchukua ukimya wako, Mama, nikafunikia haya yangu. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo asubuhi nimekwenda kwa Bi Salwa nikamweleza yote. Hakunikaripia, na ningeona afadhali angenikaripia. Alisema mabati yamekwisha kupigiliwa na hatayang'oa, ila Jumamosi hatakuja, na ile ahadi yake ya kutulipia mwalimu wa uchoraji wa watoto mwakani tuisahau. Kisha nikaenda kwa Mzee Abdulrahman. Yeye alinisikiliza, kisha akanisindikiza mpaka mlangoni kama mgeni. Bodi itakaa Alhamisi kunijadili, na sijui kama wiki ijayo nitakuwa na kazi.

Jina nimelirudisha mchana huu. Liko pale pale, kwa herufi kubwa. Kama utaona vigumu kuja, nitaelewa. Ukija, mwombe mtoto wa shule akusomee kama ulivyopanga, usiniombe mimi. Nitakuwa nje getini pamoja na mlinzi, na sitaingia mpaka uniite.

Nisalimie majirani wote, na mwenye pikapu mwambie barabara ya kushukia mjini ina mashimo, aende taratibu kwa ajili ya goti lako. Mungu akulinde.

Mwanao aliyekukosea,
Kasaine